Chungu Hakina Mikono

Mama mkwe wangu alisimama mbele ya kisanduku cha kioo, mikono kaitandaza kama golikipa, akamwambia nesi, "Huo mvuke leo haupungui. Ukitaka kuupunguza, anza na mimi."

Nesi hakupandisha sauti. Wodi ile haikuwa ya kupandishia sauti. Hata viatu tulivishwa vya kitambaa. Alikuwa mwanamke mnene, mpole, mwenye miwani iliyofunikwa na ukungu kila alipoinamia mashine, na kina mama wa wodi nzima tulimwita Sista Mvuke, maana yeye ndiye aliyeshika kitufe cha kuongeza na kupunguza mvuke katika visanduku vya watoto. Nyuma ya mgongo wa mama mkwe, ndani ya kioo, alilala binti yangu. Mimi nilikuwa kwenye kiti cha plastiki pembeni yao, mkono mmoja nimeupenyeza kwenye tundu la kisanduku, kidole changu kimeshikwa na mtoto asiyejua kwamba anagombewa.

"Bibi," Sista Mvuke akasema, "naomba nipite."

"Pita. Nani kakuzuia kupita? Kitufe tu ndicho hukigusi."

Nikiikumbuka leo nacheka mpaka mbavu zinaniuma. Siku ile sikucheka, maana na mimi moyoni nilikuwa upande wa mama mkwe.

Lazima nieleze sisi ni watu gani, kwa sababu familia nyingine isingefanya kituko kile. Sisi ni wafinyanzi. Mama mkwe ni mfinyanzi, mama yake alikuwa mfinyanzi, mume wangu ndiye mchomaji wa vyungu, na mimi, niliyeolewa pale sijui hata kukanda udongo, nilifundishwa nikafundishika, mpaka nikaweza kuinua mtungi unaonifika kiunoni. Na jambo la kwanza unalofundishwa katika karakana ile, hata kabla hujakaribia gurudumu, ni kuogopa upepo. Chungu kibichi na upepo ni paka na panya. Kikikauka haraka upande mmoja, kimekwisha, kinapasuka, na kazi ya wiki nzima inarudi kuwa matope. Kwa hiyo unakifunika kwa gunia bichi, unakisogeza kivulini, unakifunua kidogo, unakitazama, unakifunika tena. Tuliishi na magunia, tuliota magunia. Mume wangu alinitania siku moja kwamba akifa yeye nitamfunika gunia bichi, asije akapasuka kabla ya mazishi.

Basi binti yangu naye akaja na haraka zake. Alizaliwa kabla ya siku zake, tena mapema mno, njiti kama wasemavyo watu, na kofia niliyomfumia ikammeza mpaka mabegani. Udogo nilikuwa nimejiandaa nao. Hakuna aliyenionya kuhusu ngozi. Ilikuwa nyekundu na laini kupita kiasi, inang'aa, na mishipa yake yote ilionekana, midogo kama nyuzi za kushonea. Nilipomwona mara ya kwanza nilidhani wamesahau kumfuta.

"Mbona hamjamkausha?" nikauliza.

"Tumeshamkausha, mama," Sista Mvuke akajibu. "Ngozi yake ndivyo ilivyo. Bado haijafunga."

Akavuta kiti, akanieleza bila haraka, kama mtu mwenye asubuhi nzima ya kunipa, ingawa wodi ilikuwa imejaa. Akasema ngozi ni seli zilizopangana, tabaka juu ya tabaka, na seli zikipangana tu bila kushikana, maji yanapita katikati yake kama watu wapitavyo sokoni. Kinachozishikanisha ni protini. Kuna zile zinazoibana seli na jirani yake, kama vifungo vya shati, na kuna zile zinazoziba ule upenyo unaobaki katikati, ili maji ya ndani yasitoke na vijidudu vya nje visiingie. Mtoto aliyetimiza siku zake huja duniani hayo yote yamekamilika. "Huyu wako," akasema, "ametoka fundi akiwa bado kazini."

"Kwa hiyo anavuja?"

"Anavuja. Hutaona tone hata moja, lakini mwili mzima unatoa maji hewani. Ndiyo maana tumemwekea mvuke. Hewa iliyoshiba haitamnyonya."

Nikauliza lile lililokuwa likinichoma tangu nilipoletwa pale kwa kiti cha magurudumu. "Nitampakata lini?"

"Ikifunga," akasema. "Sasa hivi hata ukimpapasa, ngozi inaweza kubaki kwenye vidole vyako. Mpe kidole akishike. Kwa sasa ndicho unachoweza kumpa."

Kuanzia hapo sikutaka kitu kingine duniani. Watu walikuja na maua, na matunda, na maneno mazuri, na mimi nilikuwa nikisubiri waondoke nirudi kuitazama ile ngozi. Nilikuwa na mtoto ambaye sikuwa nimembeba hata siku moja. Kina mama wengine walipitishwa mbele yangu na vifurushi vyao wakienda nyumbani, na mimi niliwaonea wivu mpaka nikajionea aibu.

Mama mkwe alipokuja mara ya kwanza, walimsugua mikono kwa brashi mpaka viwiko, maana udongo haukubali kutoka kirahisi kwenye kucha za mfinyanzi. Akaingia, akatazama kioo kinachotiririka matone ya mvuke, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Hawa ni watu wenye akili," akaniambia. "Wamemfunika." Tangu siku ile yeye na Sista Mvuke wakawa mtu na shoga yake. Akija tu, huinama kwenye kioo, na hodi yake kwa mjukuu ilikuwa ileile: "Mke mwenzangu ameamkaje? Amelala vizuri? Mume wetu anakusalimu, ila nimemkataza kuja, akikuona ataniacha." Mume wetu, yaani baba mkwe wangu, alikuwa nyumbani na miguu yake mibovu, hana habari kwamba anaozwa kila asubuhi.

Kisha Sista Mvuke akaanza kupunguza.

Alipunguza kidogo, na kesho yake kidogo tena. Matone yakaacha kutiririka kwenye kioo. Mama mkwe akauliza kama mashine imeharibika. Akaambiwa haijaharibika, daktari ameagiza, mtoto anaanza kukua. Akanyamaza kwa adabu, lakini namjua; alinyamaza kama mtu aliyeweka jambo mfukoni. Mng'ao wa ngozi ukaanza kufifia. Vifundoni mwa mtoto vikatokea vigamba vyepesi. Na asubuhi moja mama mkwe akavaa miwani yake, akainama mpaka pua ikagusa kioo, akaona kwenye tumbo la mjukuu wake mistari myembamba yenye kingo nyeupe.

"Anapasuka," akanong'ona.

Huwezi kujua neno hilo linatufanya nini sisi. Nikainama na mimi, nikaiona, ile mistari ninayoitafuta kila siku kwenye mitungi, ninayoiombea isitokee. Mbele yangu sikumwona mtoto tena, niliona chungu kilichosahauliwa kwenye upepo, na mikono ikaniwasha kutafuta gunia.

Ndipo kesho yake mama mkwe akageuka golikipa.

Sista Mvuke alipoona hasogei, hakuita mlinzi wala daktari. Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni lake, akaivaa tena.

"Bibi, nikuulize mimi nisiyejua. Chungu kikikauka, nani anayefanya kazi?"

"Upepo."

"Na chungu chenyewe kinafanya nini?"

"Kifanye nini tena? Kinakaa."

"Basi. Chungu hakina mikono. Huyu anayo." Akainua viganja vyake viwili, akaviingiza vidole katikati ya vidole, akavibana. "Zile seli za ngozi nilizomweleza mkweo, zinashikana hivi. Protini ndiyo mikono yenyewe. Lakini ukizilaza ndani ya mvuke siku zote, zinajivuta. Zina haraka gani? Hewa ikianza kukauka kidogo kidogo, ndipo ngozi inashtuka, inazitoa protini, inajifunga. Hiyo mistari unayoiona si nyufa. Ni ngozi ya juu, inajifunza kuwa ngozi ya juu."

Mama mkwe alivitazama vile vidole muda mrefu. Ni mtu mkali lakini si mjinga, na kazi ya mikono anaielewa hata ikiwa ya mtu mwingine.

"Yaani ni kama ndugu," akasema mwisho. "Wakishiba hawajuani. Mpaka njaa ibishe hodi ndipo wanashikana."

Mama mmoja aliyekuwa kisanduku cha pili akaangua kicheko, akajiziba mdomo.

"Hapo umenielewa," Sista Mvuke akasema.

"Nimekuelewa. Sijakukubali."

"Mchelea mwana kulia hulia yeye, Bibi."

"Usinitolee methali mimi, sista. Hizo methali nimelea nazo watoto wewe hujazaliwa." Na mikono yake ikabaki palepale, imetandazwa.

Sista Mvuke akanigeukia. Akasema daktari ameruhusu kitu kimoja: familia ikiwa na hofu, mvuke unaweza kuachwa ulivyo siku kadhaa zaidi. Lakini hakunificha. Mvuke ule ule unaomlinda mtoto, akasema, vijidudu navyo vinaupenda, na ngozi isiyofunga haina mlango wa kuvifungia nje. Kungoja kuna hatari yake, na kutongoja kuna yake. "Mama mtoto ni wewe," akasema. "Unasemaje?"

Jamani. Tangu niolewe nilikuwa sijampinga mama mkwe hata kwenye chumvi ya mboga. Yeye ndiye aliyenifundisha udongo. Yeye ndiye aliyenilaza kitandani mwake mimba iliponisumbua, akalala yeye sakafuni, akadai mgongo wake unapenda sakafu. Na sasa alikuwa akinitazama, na macho yake yalikuwa yanasema, mwanangu, unazijua nyufa, nimekufundisha mwenyewe.

Nikatazama ndani ya kioo kutafuta jibu. Mtoto alikuwa amelala. Lakini kidole changu kilikuwa bado mkononi mwake, na ndipo nilipohisi kitu ambacho nilikuwa nacho tangu asubuhi nisikitie maanani. Siku za mwanzo kidole kile kilikuwa kikiteleza. Kiganja chake kilikuwa laini na chepechepe, na kila alipojaribu kunishika nilimponyoka. Siku ile sikuwa nimemponyoka hata mara moja. Nikajaribu kukivuta kidole taratibu. Akakikamata.

"Punguza," nikasema.

Mama mkwe akashusha mkono mmoja, halafu wa pili. Akachukua mkoba wake, akatoka, na kwa mara ya kwanza hakumuaga mke mwenzake. Sista Mvuke akapita, akainama, akazungusha kitufe.

Binti yangu sasa ni mtu wa kupanda kuta. Hana goti lisilo na kovu. Akianguka, halii, anakaa chini kukichunguza kidonda chake kila siku, ananiita nije nione kinavyojifunga pembezoni, kana kwamba ni yeye aliyekibuni. Juzi aliniuliza, "Mama, ni kweli Bibi alikununia?" Nikamwambia akamuulize mwenyewe. Akaenda, akarudi na hadithi nyingine kabisa. Kwa jinsi mama mkwe anavyoisimulia siku hizi, yeye ndiye aliyemshauri sista apunguze, na mimi ndiye niliyesimama mbele ya mashine nikilia. Sikubishana. Ameisimulia mara nyingi kiasi kwamba nadhani anaiamini, na kusema kweli inachekesha kuliko yangu.

Lakini zile siku hazikuwa na kichekesho. Kesho yake, mvuke umeshapunguzwa, mama mkwe hakuja. Alikuja mume wangu, ananukia moshi wa tanuri, akasimama mguu huu, akasimama mguu ule.

"Mama yuko wapi?"

"Mama anasema amesafiri."

"Amesafiri kwenda wapi?"

"Yuko jikoni," akasema, masikini wa Mungu, hajui kudanganya hata kidogo.

Siku hiyo Sista Mvuke alimweka mtoto kwenye mizani, akaitazama, uso wake haukuniambia chochote. "Amepungua kidogo," akasema. "Tulitegemea hivyo." Mimi sikutegemea. Nilikwenda msalani, nikajifungia, nikalia ndani ya taulo mpaka likalowa. Nilijiambia nimempinga mtu aliyeshika udongo maisha yake yote, kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya kidole. Nikarudi, nikaketi, nikaingiza mkono kwenye tundu, kwa kuwa hapakuwa na kingine cha kufanya.

Asubuhi iliyofuata mizani haikushuka. Iliyofuata tena ikapanda, kidogo tu, na Sista Mvuke akajifanya anakohoa ili nisimwone anavyotabasamu. Vigamba vikaanza kudondoka kwenye shuka, vyepesi kama maganda ya vitunguu, na chini yake kukatokea kitu nilichokitazama siku nzima bila kuamini: ngozi. Ngozi ya kawaida, isiyong'aa, yenye rangi yetu, yenye mikunjo midogo kwenye viwiko. Mishipa iliyokuwa wazi ikaanza kujificha. Nikampigia simu mume wangu karakana, nikamwambia, "Mwambie aliyesafiri jikoni arudi."

Alirudi kabla hata chai haijagawiwa wodini. Mikono imeshasuguliwa, miwani usoni. Hakunisalimia kwanza. Akainama kwenye kioo, akakagua tumbo, akakagua vifundo vya miguu, akakagua nyuma ya masikio, kama anavyokagua mtungi wa mteja mkorofi. Sista Mvuke akaja akasimama karibu yake.

"Ile mistari iko wapi?" mama mkwe akauliza.

"Imekwisha."

"Nani kaiziba?"

"Mwenyewe."

"Mwenyewe?"

"Mwenyewe, Bibi."

Mama mkwe akanyooka. Mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia, nikainuka kwenye kiti. Alikuwa anacheka. "Miaka yote hii," akasema, anafuta machozi kwa mgongo wa mkono, "miaka yote hii nimeipoteza na udongo." Kisha akanishika kichwa kwa mikono yake miwili, ile mikono inayokwaruza kama ganda la mti, akanibusu utosini. Hakuniomba msamaha na mimi sikutaka aniombe. Nilikuwa nimemkosa kuliko nilivyojua.

"Haya, mama mtoto," Sista Mvuke akasema. "Fungua blauzi."

Sikuelewa. Akarudia. Ndipo nikaona amefungua mlango wa kisanduku, mlango mzima, si yale matundu. Vifungo vikanishinda, mama mkwe akanifungulia huku akiguna kwamba kizazi hiki hata kuvua nguo hakijui. Wakanilaza kidogo kwenye kiti. Sista akamnyanyua mtoto pamoja na nyaya zake, akageuka naye taratibu, akamlaza kifuani pangu, ngozi kwa ngozi, kisha akatufunika kwa blanketi.

Alikuwa mwepesi kiasi kwamba niliogopa kupumua. Halafu akawa na joto. Halafu akawa na uzito, uzito wake mwenyewe, akijisogeza mpaka sikio lake likaja juu ya moyo wangu, na moyo wangu ukawa unamgongea kama jirani asiye na adabu. Siku zote nilikuwa nimefikiri kwamba siku hiyo nitalia. Sikulia. Nilianza kucheka, kimya kimya, nikamtikisa, nikajilazimisha kuacha, nikacheka tena. Mama mkwe alikuwa amepiga magoti pembeni, anamwambia mke mwenzake kwamba sasa ni vita, mume mmoja hawezi kuwatosha wawili.

Na hapo ndipo nilipohisi maji.

Yalianza tumboni, ya moto, yakashuka ubavuni, yakaingia kwenye sketi. "Sista!" nikapiga kelele, katika wodi isiyoruhusu kelele. "Sista, anavuja!"

Sista Mvuke akafika kwa hatua mbili, akainua blanketi, akatazama. Akaishika ile nepi iliyokuwa kubwa kuliko mvaaji wake. Nikamwona anauma mdomo.

"Havuji, mama," akasema. "Amekojoa."

"Amekojoa?"

"Amekojoa, tena sana!" Na yule mwanamke mpole akageukia wodi nzima na miwani yake yenye ukungu. "Jamani, njooni muone mkojo!"

Wakaja kweli. Manesi wawili, na yule mama wa kisanduku cha pili, na mfagizi na ufagio wake, wakatuzunguka wakipongezana, na Sista akawa anawaeleza kwamba maji yaliyokuwa yakipotelea hewani kupitia mwili mzima sasa yamekosa njia, yamebaki ndani, yamepita kwenye figo, yametoka kwa mlango wao halali. Mama mkwe alipiga kigelegele ameufunika mdomo kwa kiganja, kigelegele cha kunong'ona, sijasikia kingine kama hicho tangu siku ile.

Mmoja wa manesi akaleta kitambaa kikavu, akainama anipanguse.

"Niache kwanza," nikamwambia.

Nilikuwa nimelowa kutoka tumboni mpaka kwenye sketi. Nikauteremsha mkono wangu chini ya blanketi, nikaulaza juu ya mgongo wa binti yangu, kiganja kizima, kwa mara ya kwanza. Mgongo wake ulikuwa mkavu.